Breki Isiyoachia Haitibiwi kwa Kulegeza

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu breki za chuma kitupu: breki za dramu zinazovutwa kwa rodi na mikono ya chuma, bila mafuta ya breki, bila paipu, bila pampu. Magari mengi ya bei ya kawaida yalitembea na breki za namna hii mpaka ndani ya miaka ya 1930, na wanaotunza magari ya kale bado wanahangaika nazo. Kinachowasumbua sana ni kwamba gari likishasimama haliondoki vizuri. Mguu umetoka kwenye pedali, lakini gurudumu moja limebaki limeshikwa. Dramu inapata moto, gari linavuta upande, injini inapoteza nguvu kwa kuburuta breki. Dawa inayokimbiliwa ni kulegeza: legeza rodi, legeza kabari ya kurekebishia, endelea kulegeza mpaka gurudumu lizunguke. Nashikilia kwamba hiyo si tiba. Breki isiyoachia ina ugonjwa katika safari yake ya kurudi, na kulegeza kunarefusha tu safari ya kwenda. Anayechanganya safari hizo mbili atapata gari ambalo magurudumu yake yanazunguka kwa raha likiwa limeinuliwa, kisha halisimami sawasawa barabarani.

Nitashika gari moja ili hoja iwe na mwili: Ford Model A. Lilioneshwa kwa umma huko Marekani tarehe 2 Desemba 1927 ili kurithi Model T, na hadi uzalishaji wake ulipokoma yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 4.8. Breki ya mguu ya Model T ilikuwa ikikamata ndani ya giaboksi. Model A likaja na breki kwenye magurudumu yote manne, dramu zake zikiwa na kipenyo cha inchi 11, yaani karibu sentimita 28. Wakati huo breki za mafuta zilikuwa zimekwisha kujulikana. Duesenberg walizitia kwenye magari yao mwaka 1921, Chrysler wakafuata mwaka 1924, na Chevrolet wakazikubali mwaka 1936. Henry Ford aliendelea kushikilia chuma. Matangazo ya kampuni yake yalijivunia kwamba usalama wa gari lao ni chuma kutoka pedali hadi gurudumu, na ni magari ya mwaka 1939 ndiyo yaliyokuja kuwa na breki za mafuta. Kwa hiyo tunachokizungumzia hakikuwa jaribio la pembeni. Ni mfumo uliobeba mamilioni ya watu, ukafanya kazi, na bado unafanya kazi pale anayeushughulikia anapoelewa jinsi unavyorudi baada ya kukamata.

Kutoka kwenye pedali ya Model A, nguvu inaingia kwenye shafti iliyokingama chini ya sakafu. Kutoka kwenye shafti hiyo zinatoka rodi nne, kila gurudumu na rodi yake. Hakuna kifaa cha kusawazisha kati yake, na jambo hilo tutalirudia kwa sababu lina uzito mkubwa. Kwanza tutazame mbele, maana huko ndiko ufundi ulipo. Gurudumu la mbele linageuka kulia na kushoto, kwa hiyo rodi haiwezi kufungwa moja kwa moja kwenye kitu kinachogeuka nalo. Ingekuwa kila kona breki inajifunga au inalegea. Wahandisi wa Ford walipitisha nguvu katikati ya kingpini, yaani pini nene ambayo gurudumu la mbele linageukia. Kingpini ina tundu lililosimama, na ndani ya tundu hilo mna pini nyembamba. Rodi ikivuta, mkono ulio juu ya kingpini unazungusha shafti fupi yenye kichwa cha mviringo. Kichwa kinaisukuma pini kwenda chini, na pini inaisukuma kabari inayoingia kati ya ncha za shuu mbili, yaani vipande vilivyopinda ndani ya dramu vinavyoikamata. Ncha hizo zina vigurudumu vidogo. Vinapanda juu ya miteremko ya kabari, shuu zinatawanyika na kugusa dramu. Kwa kuwa pini imekaa kwenye mhimili uleule ambao gurudumu linageukia, dereva anaweza kukata kona na kukanyaga breki kwa wakati mmoja bila jambo moja kuvuruga jingine. Ni kazi ya akili sana, hasa kwa gari lililokusudiwa mkulima na karani.

Sasa tufuate njia ya kurudi. Pedali inaachiwa, springi zinarudisha rodi, mkono ulio juu ya kingpini unarudi mahali pake. Lakini mkono huo haujafungwa kwenye pini. Kazi yake ni kuisukuma tu. Hakuna kitu chochote juu kinachoivuta pini ipande. Kinachoirudisha ni springi za shuu kule chini: zinavuta shuu zikaribiane, shuu zinaibana kabari, kabari inasukumwa juu, na katika kupanda kwake inaiinua pini. Yaani springi chache zilizofichwa ndani ya dramu zinabeba mzigo wote wa kurudi, zikipambana na grisi iliyokauka kama gundi, na kutu iliyojaa tunduni, na vigurudumu ambavyo pengine vimegoma kuzunguka. Zikishindwa, nje hakuna dalili. Pedali imerudi juu, mkono unaonekana umerudi, rodi imelegea inavyotakiwa. Ndani, pini imebaki chini na shuu zimebaki kwenye dramu. Anayetazama kwa nje ataapa kwamba breki imeachia, na hata aking'oa rodi yote hajagusa kinachoshika.

Nyuma hakuna pini ya namna hiyo. Huko inafanya kazi kemu, kipande cha chuma kinachozunguka kati ya ncha za shuu na kuzisukuma zitengane. Springi zikivuta shuu zirudi, ncha za shuu zinaibana kemu. Kwa sababu zinaigusa mbali kidogo na kitovu chake, mbano huo unaizungusha irudi ilikotoka. Lakini hesabu hiyo inasimama tu pale kemu inapozunguka kidogo. Lainingi, yaani tabaka la msuguano lililo juu ya shuu, zikiisha, au dramu ikiwa imechongwa mara nyingi na kipenyo chake kimekua, kemu inalazimika kuzunguka zaidi kabla shuu hazijafika. Kadiri inavyozunguka, mstari wa mbano unasogea karibu na kitovu. Ukifika kitovuni, springi zinabana kwa nguvu zote na kemu haiendi popote, hata springi ziwe mpya kutoka dukani. Imekwama kwa jiometri yake, na hakuna grisi itakayoikwamua.

Jambo hili halihitaji gari la mwaka 1928 ili mtu alione. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za bodaboda, Bajaj Boxer ikiwa mojawapo, imejengwa kwa mpango huohuo: pedali, rodi, mkono, kemu, shuu mbili ndani ya dramu, na nati mwishoni mwa rodi ya kurekebishia. Lainingi zinavyoisha, nati inakazwa. Nati ikifika mwisho wa uzi, mwendeshaji anapaswa kununua shuu mpya. Wapo, hata hivyo, wanaochomoa mkono wa kemu na kuurudisha ukiwa umesogezwa jino moja, nati ikapata uzi wa kukazwa tena. Breki inashika siku hiyo, na kemu inazidi kusukumwa kuelekea mahali ambapo haitarudi. Fundi wa pikipiki aliyewahi kuona gurudumu la nyuma limegandana baada ya ufundi wa jino moja ameshajua nusu ya ninayoyasema leo kuhusu magari ya kale. Tofauti ni kwamba kwenye pikipiki kemu ni moja. Kwenye gari magurudumu ni manne, na kila moja linaathiri mengine.

Hapo ndipo hoja ya kulegeza inapovunjika. Kumbuka rodi nne zinatoka kwenye shafti moja isiyo na kisawazishi. Zote zinavutwa kwa hatua sawa. Gurudumu ambalo shuu zake zinafika kwanza kwenye dramu ndilo linalopokea nguvu ya mguu kwanza, na linaizuia shafti isiendelee kuzunguka kwa ajili ya mengine mpaka chuma kipinde kidogo. Ukilegeza gurudumu la mbele kushoto kwa sababu lilikuwa linaburuta, umelifanya liwe la mwisho kufika. Gari lililokuwa linavuta kushoto litavuta kulia kila breki ikikanyagwa, tena litavuta kwa nguvu zaidi pale dereva anapohitaji kusimama ghafla, mbele ya mtoto au mbuzi. Na kile kilichokuwa kinazuia pini isirudi bado kimo. Kutu inaongezeka, pini inaanza kukwama mahali pa chini zaidi, gurudumu linaburuta tena, linalegezwa tena. Mwishowe pedali inagusa sakafu, na mwenye gari anaambiwa kwamba breki za zamani ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Ndivyo zilivyofanywa.

Kuna uharibifu mwingine wa chini kwa chini unaotokana na kuchezea urefu wa rodi. Mkono wa mbele wa Model A ukiwa umepumzika unapaswa kuinama kidogo kwenda mbele, takriban nyuzi 15 kutoka wima. Rodi ikivuta, mkono unainuka kuelekea wima, ambapo mvuto wa rodi unafanya kazi kwa nguvu kubwa kuliko popote. Mtu akifupisha rodi ili kufidia lainingi zilizoisha, mkono unaanza safari ukiwa umeshavuka sehemu yake nzuri, na kadiri mguu unavyokandamiza ndivyo nguvu inavyopotea. Akiirefusha ili gurudumu lizunguke, mkono unatumia nusu ya safari kufuata hewa. Ford waliweka kabari ya kurekebishia kwenye kila gurudumu, ina kichwa cha mraba nyuma ya bamba la breki, ili rodi isiguswe. Uchakavu wa lainingi unarekebishwa hapo, gurudumuni. Rodi zinapangwa mara moja kwa vipimo vyake na kuachwa. Mtengenezaji mwenyewe alitenganisha mambo haya mawili kwa makusudi.

Basi tatizo litafutwe namna gani? Kwa kukata njia vipande na kuuliza kila kipande swali lake. Gari liinuliwe na kukalishwa juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu, na hakuna anayepaswa kulala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Hendibreki iachiwe. Kila gurudumu lizungushwe kwa mkono kabla pedali haijaguswa, kisha pedali ikanyagwe kwa nguvu, iachiwe, magurudumu yazungushwe tena. Gurudumu lililokuwa huru kabla na likashika baada ya pedali linatuambia kwamba marekebisho yake si mabaya. Kurudi ndiko kunakoshindikana. Lililoshika tangu mwanzo ni kesi nyingine. Na linaloguna mara moja tu kila mzunguko halijakwama kabisa: dramu yake haiko duara kamili, au shuu hazikukaa katikati, au beringi ya gurudumu imelegea na dramu inayumba. Dramu za awali za Model A zilikuwa za bati la chuma lililofinyangwa, na zikipata moto na mgandamizo huweza kupoteza uduara wake. Ndiyo sababu wengi hununua dramu mpya za chuma cha kuyeyusha. Kulegeza breki kwa ajili ya dramu iliyopinda ni kuadhibu shuu kwa kosa la jirani.

Kwa gurudumu linaloshika baada ya pedali, kipimo kinachosema kweli kuliko vyote ni kuchomoa pini inayounganisha rodi na mkono wa gurudumu hilo. Gurudumu likiachia palepale, ugonjwa uko upande wa pedali: bushi za shafti iliyokingama zimekauka, rodi imepinda na inagusa fremu, springi ya kurudisha pedali imechoka. Likiendelea kushika, upande wa pedali hauna hatia, na kila dakika inayotumika kugeuza nati za rodi ni dakika iliyopotea. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi na hakihitaji zaidi ya koleo, na bado ndicho kinachorukwa. Kwa magurudumu ya mbele kuna nyongeza: gurudumu lizungushwe huku usukani ukigeuzwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Likiwa huru katikati na kushika konani, pini ya ndani ya kingpini haina urefu unaotakiwa, au kichwa kinachoisukuma kimelika, na mguso wao umehama kutoka kwenye mhimili wa kugeukia. Kwa tatizo hilo wauzaji wa vipuri vya Model A wana vifuniko vidogo vya chuma vya kuongeza urefu uliolika. Lakini viwekwe kwa kipimo: pini ikizidi urefu kidogo tu, shuu haziwezi kurudi kabisa, na tumetengeneza breki isiyoachia kwa mikono yetu wenyewe.

Dalili moja zaidi inastahili kusikilizwa. Katika breki hizi, shuu inayokabili mzunguko huvutwa na dramu yenyewe. Msuguano wake unaizidishia mgandamizo. Ndiyo maana mguso mdogo usiotakiwa haubaki mdogo. Shuu iliyoachwa ikigusa kwa ncha tu inavutwa ndani, inapata moto, inavutwa zaidi. Gari likisukumwa kurudi nyuma kidogo na breki ikaachia yenyewe, aghalabu shuu imeng'ata kwa ncha: lainingi mpya haikunolewa ifuate duara la dramu, au ukingo wake wa mbele haukupunguzwa makali. Hapo kinachohitajika ni kunoa lainingi ilingane na dramu, kazi ya benchi na subira. Rodi haihusiki.

Sasa wanaopinga. Wa kwanza ni fundi mzoefu anayesema amelegeza breki za namna hii miaka mingi na magari yakatembea. Simkanushi, magari yalitembea. Tena kuna hali moja ambayo kulegeza ni haki: pale breki imetoka kukazwa kupita kiasi, au imewekewa lainingi mpya nene na kabari ya kurekebishia haijarudishwa. Hapo gurudumu linashika tangu mwanzo, pedali iguswe isiguswe, na kulegeza ni kurekebisha kosa la jana. Lakini hali hiyo inajitambulisha yenyewe kwa kipimo nilichokitaja. Ninachokataa ni kulegeza kabla ya kuuliza. Na kwamba gari lilitembea hakuthibitishi breki. Breki inathibitishwa na kusimama kwa magurudumu yote kwa mpangilio. Mafundi wa Ford walikuwa na ubao wenye hatua zilizokatwa, wa kushikilia pedali ikiwa imekanyagwa kwa kina maalumu, ili kila gurudumu lipimwe linashika kiasi gani katika hatua ileile. Ubao wa namna hiyo seremala yeyote anaweza kuukata.

Wa pili anasema tatizo ni grisi, basi tia grisi. Amekaribia ukweli, lakini grisi mpya inayosukumwa kwenye chuchu haiondoi ya zamani iliyoganda. Inatafuta njia nyepesi, na mara nyingi njia nyepesi inaelekea kwenye lainingi. Lainingi iliyolowa grisi haishiki inapotakiwa, au inanata na kung'ata pasipotakiwa, na kuikausha kwa moto hakuirudishi ilivyokuwa. Pini inapaswa kutolewa, tundu lake lisafishwe kwa mafuta ya taa na brashi nyembamba hadi chuma kionekane, kisha ipakwe utando mwembamba wa grisi inayostahimili joto na irudishwe. Inapaswa kushuka kwa uzito wake yenyewe na kupanda kwa kusukumwa na kidole. Kama haifanyi hivyo ikiwa mikononi mwa fundi, haitafanya hivyo gizani ndani ya kingpini. Vigurudumu vya shuu, kemu na bushi zake, na miguu ya pedali vipitie ukaguzi huohuo.

Wa tatu anapendekeza springi ngumu zaidi. Pendekezo hili lina mvuto kwa sababu nimesema mwenyewe kwamba springi ndizo zinazorudisha kila kitu. Springi iliyochoka kweli ibadilishwe, na inajulikana: ikiwa imelegea mkononi, mizunguko yake haigusani tena, au ina rangi ya chuma kilichoungua. Lakini kuweka springi ngumu kuliko ya mtengenezaji ili kushinda kutu ni kumtoza dereva kodi ya kutu hiyo. Gari hili halina kisaidizi cha breki. Nguvu yote inatoka mguuni, na kila kilo inayotumika kunyoosha springi ni kilo isiyofika kwenye dramu. Unaweza kupata breki inayoachia vizuri kwa sababu haikuwahi kushika vizuri.

Wa nne ana hoja nzito kuliko wote: kwa nini tusiweke breki za mafuta tukamaliza? Ford mwenyewe alibadilika mwaka 1939. Hoja hii ina ukweli. Mafuta yanagawa mgandamizo sawa kwa magurudumu bila kutegemea urefu wa rodi, na kwa gari linalotembea kila siku katikati ya malori ya leo simlaumu anayebadilisha kwa vifaa bora na kwa fundi anayejua kazi. Ila kama sababu ya kubadilisha ni kwamba breki hazirudi, sababu hiyo haitoshi. Breki za mafuta nazo hukwama, hasa kwenye magari yanayolala muda mrefu, na magari mengi ya kale hulala. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Silinda za magurudumu zinashika kutu ndani, pistoni zinagoma, mipira inavimba na kuzuia mafuta yasirudi. Ni ugonjwa uleule wa safari ya kurudi, sasa ukiwa ndani ya paipu ambamo jicho halifiki. Mwenye gari katika hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja anaujua unyevu huo. Na anayetaka gari lake libaki kama lilivyotoka kiwandani, awe analionesha kwenye Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, au analitunza kwa ajili ya wajukuu, anapoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa kung'oa mfumo ambao ulihitaji kusafishwa.

Imebaki kesi ya gari linalogoma asubuhi baada ya kulazwa salama jioni. Hendibreki ndiyo ya kutazamwa kwanza. Baada ya miezi ya mwanzo ya uzalishaji, Model A lilipewa hendibreki inayojitegemea, yenye bendi yake ndani ya dramu za nyuma. Gari likitoka kwenye mteremko mrefu, dramu zinakuwa zimepanuka kwa joto. Hendibreki ikivutwa wakati huo, bendi inakaa kwenye kipenyo kikubwa. Dramu inapoa, inasinyaa, na kuibana bendi kwa nguvu ambayo hakuna springi iliyopimwa kuishinda. Ongeza usiku wa unyevu, kutu nyembamba inaunganisha lainingi na dramu. Kuling'oa kwa kukanyaga moto kunaweza kubandua lainingi kwenye bendi yake. Ni heri gari lisukumwe taratibu mbele na nyuma, au dramu igongwe kidogo ukingoni kwa nyundo ya mbao. Gari linalolazwa kwa wiki nyingi liwekewe vigingi kwenye magurudumu, hendibreki ikiwa imeachiwa, na mahali pawe tambarare.

Na kwa atakayefungua dramu hizi, lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake haliruki kwa kuonekana, na likiingia mapafuni madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi, ikiwamo saratani. Kupuliza dramu kwa hewa ya kompresa, kama inavyofanywa katika gereji nyingi, kunalisambaza vumbi hilo kwa fundi, kwa msaidizi wake na kwa mtoto anayetazama mlangoni. Dramu ilowanishwe kwa maji yenye sabuni kabla ya kuguswa, ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko kabla hakijakauka. Lainingi mpya zitafutwe zisizo na asbesto. Zipo, zinashika vizuri, na kabari ile yenye kichwa cha mraba inazirekebisha kama ilivyorekebisha zile za kwanza.